Aliyekama na Waliokamwa

Kabla hatujateremka garini Pujini tulikuwa tumekwishasikia habari ya makalio. Mkama Ndume, alituambia mtembeza wageni wetu akiwa amegeuza shingo kutoka kiti cha mbele, aliwalazimisha watu wake kuhamisha mawe ya kujengea ngome huku wakijiburura kwa makalio. Kusimama ilikuwa marufuku. Ndiyo akaitwa hivyo, aliyewakama wanaume kama mtu akamavyo ng'ombe. Alieleza vizuri, akituama panapostahili kutuama, na mke wa mtoto wa kaka yangu akacheka na kuziba mdomo kwa mtandio.

Mimi kisa hiki nimekisikia tangu utotoni na sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa sababu kijana wetu, aliyezaliwa Maskati na hajapata kuiona Pemba, alikuwa na siku nne tu, na moja kati ya hizo alikwishailipia kwa simu: magofu asubuhi, kuogelea mchana, magofu tena alasiri, chakula ndani yake. Akaniomba, "Ami, fuatana nasi." Nikafuatana nao. Lakini nimesomesha fasihi miaka mingi, na mtu wa kazi hiyo hawezi kusimuliwa siku nzima bila ya kutafuta kalamu nyekundu. Kwa hiyo naiandikia ziara ile kama ninavyoandikia tamthilia au riwaya. Ina msimulizi, ina wahusika, ina mpangilio wa matukio, na hadhira imetoa kiingilio.

Mpangilio wenyewe haukuzaliwa Pemba. Magofu kabla jua halijakaza, kisha maji, kisha chakula: ndivyo wapelekwavyo wageni kwingi duniani. Huko Yucatán, Meksiko, asubuhi ni Chichén Itzá na mchana ni kuogelea katika mashimo ya maji ya asili yaitwayo cenote. Mgeni husimuliwa Wamaya kama watu waliokwisha kutoweka, na huku wanaomuuzia vinyago nje ya lango ni Wamaya wanaopigiana soga kwa Kimaya. Mfano huo ulinijia kichwani Pujini, na sikuweza kuutoa siku nzima.

Pujini iko kiasi cha kilomita 10 kusini mashariki ya Chake Chake. Asiyejiandaa atavunjika moyo, kwani kilichobaki zaidi ni tuta kubwa la udongo lililokuwa boma, vipande vya kuta za mawe, na vichaka. Mahali kama hapo panamhitaji msimulizi kuliko Msikiti Mkuu wa Kilwa unavyomhitaji, maana kule mawe yanajisemea. Hapa bila ya maneno huoni kitu. Basi nilimsikiliza kijana yule kwa makini, na kwa heshima pia, kwa kuwa kazi yake ni ngumu.

Kutoka kwenye boma alitupeleka kisimani. Kisima kimegawanywa kwa ukuta, na kisa chake ni wake wawili wa Mkama Ndume waliokuwa hawapatani. Mmoja akiteka kwa ndoo na kamba upande wake, mwengine akishuka kwa ngazi upande wa pili, wasionane. Hapo tena alituama, akasubiri. Ndipo nilipotambua kilichokuwa kikinisumbua tangu garini. Alikuwa akizungumza Kiswahili, Kiswahili safi cha Chake, lakini alituama pale Mzungu anapocheka. Kisa kilikuwa kimekaa kwa Kiingereza miaka mingi, msimu hata msimu, na siku ile kilikuwa kinarudi nyumbani kimevaa nguo za kuazima.

Kisha tukashushwa kwenye chumba cha chini ya ardhi. "Hapa alikuwa akificha mali," akasema, tukapanda juu. Dakika mbili, zisizidi. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la ziara nzima. Watafiti waliochimba Pujini wakiongozwa na Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia wanaizungumzia sehemu hii kama mahali pa ibada, na wameeleza umbo la siwa lililofinyangwa kwa lipu ukutani. Siwa si pambo. Ni baragumu la utawala, kama lile la pembe la Pate na lile la shaba la Lamu, na hupulizwa mbele ya watu, katika harusi za wakubwa, kutahiri watoto wao, kumtawaza mtu. Mfalme mwenye siwa anawahitaji watu waje kusikiliza. Sasa muweke mtu huyo pembeni ya yule wa makalio. Wanaweza kuwa mtu mmoja, kwani madhalimu wengi wamependa ngoma na mabaragumu. Lakini msimulizi anayewaonyesha wote wawili ana hadithi yenye kina. Anayemwonyesha mmoja ana kibonzo.

(Wasomaji wa Bara watakuwa wamekwishaninong'oneza kwamba kwa Wanyoro omukama ni mfalme. Nimelisikia. Sisemi kuna uhusiano, nasema tu kwamba jina lina mlango mwengine zaidi ya zizini.)

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari mtoto wa kaka yangu aliuliza swali. Aliliuliza kwa Kiswahili cha Maskati, kile kilichotunzwa jikoni na bibi zao, chenye maneno ambayo sisi huku tumekwishayaacha. "Ami, sisi wazee wetu walikuwa nani hapa? Wa ngomeni au hawa wa makalio?"

Mtembeza wageni akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi nilikaa kimya. Babu wa kijana huyu, yaani baba yangu, alikuwa na mikarafuu michache na nyumba ya udongo. Kabla yake sijui zaidi ya majina mawili. Kijana alikuwa ametoka kwake kwa ndege kuja kuuliza jambo hilo moja, na ziara aliyoilipia ilikuwa na mfalme mmoja, wake wawili wasio na majina, na umma mzima uliopewa kiungo kimoja cha mwili. Katika hadithi kama hiyo mtu wa kawaida hana pa kuingilia. Akitaka kuwa jamaa wa mtu, aliyepo ni Mkama Ndume tu.

Na hapa lawama haimstahiki kijana wa watu peke yake. Kisa cha makalio ni cha wenyeji, tena nadhani kilitungwa na waliokamwa. Mtu aliyewahi kusimamiwa kazini na mbabe anajua raha ya kumsimulia mbabe huyo kwa wajukuu baada ya kufa kwake. Kwa Bibi yangu kilikuwa kisa cha kejeli, na aliyechekwa ni mfalme: tazama upumbavu wa mtu anayetaka kazi iishe upesi na huku anawakataza watu kusimama! Ndani ya gari tulicheka pia, ila tuliwacheka wabebaji. Maneno ni yaleyale. Mwelekeo wa kicheko ndio uliogeuzwa.

Kingekuwapo cha kumjibu kijana? Kingekuwapo, ila hakimo katika ziara, kwa sababu hakina mawe ya kupigia picha. LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe na Chwaka, kaskazini ya kisiwa. Tumbe ilikaliwa kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, Chwaka ikafuata kuanzia karne ya 11. Chwaka palijengwa misikiti ya mawe, na wanaokwenda huko huonyeshwa magofu yaitwayo ya Haruni, ambaye masimulizi humfanya mwana wa Mkama Ndume. Lakini nyumba za watu zilikuwa za udongo. Mji wenyewe, watu wenyewe, walikaa katika udongo. Tumbe kumepatikana kwa maelfu vigae vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugua shanga za kombe. Mabaki ya chakula yaonyesha kwamba watu wa Tumbe walikula mawele zaidi, na wa Chwaka wakageukia mpunga. Kutoka Chake hadi Pujini tulipita mabonde ya mpunga na nyumba za udongo zisizo na idadi, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya milango, na mtembeza wageni alikuwa ameyapa mgongo yote hayo ili atusimulie vizuri.

Saa sita tulikuwa Wesha, na boti ikatupeleka Misali. Kuhusu maji yake sina la kukosoa. Rangi yake haifai kuandikwa na mtu wa umri wangu, na vijana waliogelea hadi vidole vikakunjamana. Mimi niliingia hadi magotini, suruali mkononi. Nilichotaka ni kusikia kisiwa hiki kitasimuliwaje, kwa sababu Misali ina hadithi mbili zinazogombania nafasi. Ya kwanza ni ya haramia Kapteni Kidd na hazina yake, nayo ipo kwa ajili ya wageni. Kijana aliianza, akatutazama, akaona mtandio wa mkwe wangu na ndevu zangu, akaiacha njiani. Akasimulia ya pili.

Nabii Khidhri alifika hapa, akawakuta wavuvi, akawaomba msala aswalie. Wavuvi hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki, kilivyolala kikielekea Makka, kitakuwa ndio msala wangu. Na ndiyo maana kinaitwa Misali.

Aliisimulia vibaya kuliko ya Pujini, kwa kurudi nyuma na kujisahihisha, na mara moja alimgeukia nahodha kumuuliza kama ni hivyo. Nahodha akaongeza lake. Lakini ilikuwa bora mara kumi, na nimejaribu kujieleza kwa nini. Jibu nililolipata ni la kiufundi tu: ndani yake wavuvi wanazungumza. Wanaombwa kitu, wanajibu kwamba hawana, na ukosefu wao haugeuki aibu. Nahodha wetu, mvuvi, angeweza kujiweka ndani ya hadithi ile bila ya kubadilisha hata nguo. Na si hadithi iliyolala. Eneo la hifadhi la Misali lilianzishwa mwaka 1998, na baadaye, katika kuwashawishi wavuvi waache kuvua kwa baruti, mafunzo ya Kurani kuhusu viumbe na amana yalitumiwa pale ambapo amri za serikali peke yake hazikuwa zimetosha. Wavuvi wengi walisikiliza. Mahali palipoitwa msala ni tabu kupalipua.

Ras Mkumbuu tuliifikia maji yakiwa yamejaa, ndiyo saa yake, kwani yakikupwa mtu hutembea kwenye tope la mikandaa. Sitakaa sana hapa kwa sababu hata ziara haikukaa. Msikiti mkubwa, makaburi ya nguzo, popo wachache, picha. Jina la James Kirkman, aliyechimba hapa katika miaka ya 1950, lilitajwa. Jina la al-Masudi halikutajwa, na hapo niliingilia kati, nikakiuka adabu ya hadhira. Nilimwambia mtoto wa kaka yangu kwamba msafiri yule alipanda chombo Sohar kuja Qanbalu, na mara ya mwisho aliporudi kutoka Qanbalu kwenda Omani ilikuwa mwaka 916. Wataalamu wengi wanaielekeza Qanbalu hapa Pemba, na wapo wanaosema ni papa hapa Ras Mkumbuu. Aliandika kwamba wenyeji walikuwa Waislamu na lugha yao ni ya Zanji. Hakuhitaji kueleza walikuwa wa nani.

"Sohar ni saa mbili kwa gari kutoka nyumbani kwetu," akasema kijana, na akabaki ameshika ukuta wa msikiti.

"Maalim, hii ningeijua ningeisema," mtembeza wageni akaniambia kwa sauti ya chini, na niliona haya. Si kazi yake kujua nilichokipata mimi kwenye vitabu vya watu. Aliyopewa kuhifadhi ameyahifadhi, na bahashishi hutoka kwa yale yale.

Jioni gari lilitupeleka kwangu. Karibu na nyumbani kuna jirani anayejenga nyuma ya nyumba yake, na siku ile watu walikuwa wanakandika, miguu imo kwenye udongo hadi vifundoni. Mkwe wangu akaomba gari lisimame apige picha. Ziara ilikuwa imekwisha, na malipo yalikwishatolewa. Mtembeza wageni aliteremka pia, kunyoosha miguu. Akatoa salamu, akaitikiwa. Akautazama ukuta, akamwambia jirani yangu kwamba fito za chini ziko mbali mno, udongo utadondoka mvua za masika. Jirani akabisha. Kijana akavua viatu.

Dakika ishirini alikuwa anawaeleza wageni wangu, na mikono imejaa tope: hizi nguzo, hizi fito, huu mwamba, hizi kombamoyo, makuti yanaanzia chini kupanda juu. Udongo wa bondeni haufai peke yake. Babu yake alikuwa akiukanda usiku wa kuamkia siku ya kukandika ili ulale. Hakutuama popote. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anauliza jina la kila kitu na kulirudia, na majina mengine alikuwa nayo, kwa matamshi ya bibi yake.