Siku ya Joto, Altimita Husoma Pungufu

Mwaka 2011 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliwatahadharisha marubani wanaofuata mwali wa ILS, mfumo wa redio wa kuongoza ndege kutua, tangu mbali. Katika viwanja kama Los Angeles, siku za joto, ndege zilizokaa sawasawa katikati ya mwali zilikuwa zikipita vituo vya njiani zikiwa, kwa altimita, chini ya kimo kilichowekwa kwenye ramani. Hakuna chombo kilichoharibika. Vipimo viwili vya kimo vilikuwa vimeachana.

Mwali wa ILS ni mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka kando ya njia ya kurukia, kwa kawaida kwa pembe ya nyuzi 3. Joto haliuinui wala haliushushi. Altimita hupima mgandamizo wa hewa, kisha huugeuza kuwa futi kwa kuchukulia kwamba usawa wa bahari una nyuzijoto 15, na kwamba joto hupungua takriban nyuzi 2 kila futi 1,000. Hewa ikipata joto hutanuka, na matabaka ya mgandamizo husogea juu. Ndege inayofuata tabaka lake hupanda nalo, huku namba kwenye altimita ikibaki ileile. QNH, yaani kipimo cha mgandamizo anachopewa rubani akiweke kwenye altimita, husahihisha mgandamizo wa uwanjani; haigusi joto la hewa iliyo kati ya uwanja na ndege.

Tuchukue hewa iliyozidi kiwango hicho kwa nyuzi 20, yaani nyuzijoto 35 kwenye usawa wa bahari. Ndege iliyo futi 5,000 halisi itasoma takriban 4,650. Katika futi 200 tofauti ni kama futi 15 tu, ndiyo maana kutua kwenyewe hakusumbuki. Tatizo liko mbali na uwanja.

Mtu atauliza: ikiwa kimo halisi ni kile cha ramani, hatari iko wapi? Iko kwa ndege inayokatiza chini. Hiyo imeambiwa ikae futi 4,000 kwa altimita, na kwa joto hilo iko karibu futi 4,300 halisi. Nafasi ya futi 1,000 iliyokusudiwa kuzitenganisha imebaki kama 700. Mafundi wakijenga nyumba moja kwa futikamba moja iliyovutika, milango na fremu bado vitaoana. Akitokea mmoja na futikamba yake, haviingiliani tena.

Kwa hiyo altimita ndiyo yenye kauli hadi kituo cha kuanzia hatua ya mwisho ya kutua: rubani ahakikishe kila kimo cha njiani kwa altimita, hata akiwa tayari ameushika mwali. Kuanzia hapo, mwali ndio unaotawala.

Wanafunzi wa urubani wafundishwe sharti hili pamoja na sababu yake. Anayejua kwamba usalama wa anga unategemea wote kupima kwa kipimo kimoja hatashawishika kukiacha eti kwa sababu sindano ya mwali imetulia katikati.