Indiana Jones wa 2008 alikosa jasho

MIAKA 19 ni muda mrefu wa kumsubiri mtu. Mashabiki wa Indiana Jones walisubiri muda huo wote, tangu Last Crusade ya 1989 hadi Kingdom of the Crystal Skull ya Mei 2008. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ile ya tatu alikuwa amekwisha kumaliza shule ya upili ilipotoka ya nne. Harrison Ford alikuwa na miaka 65. Steven Spielberg alirudi kuielekeza, George Lucas akaleta kisa, John Williams akaleta ule muziki ambao hata asiyeijua filamu anaweza kuupigia mluzi. Pesa ziliingia, zaidi ya dola milioni 750 kote duniani. Hata hivyo, waulize waliozipenda zile tatu za mwanzo. Wengi watakwambia ni heri hii isingetengenezwa.

Sababu wanazozitoa ni mbili. Ya kwanza, eti shujaa alikuwa mzee mno. Ya pili, eti viumbe kutoka anga za mbali hawana nafasi katika hadithi ya mwanaakiolojia. Spielberg mwenyewe amewahi kukiri hadharani kwamba wazo hilo la viumbe hakulipenda, ila alimfuata rafiki yake Lucas.

Mimi sikubaliani na sababu yoyote kati ya hizo. Tuanze na uzee. Dakika nzuri kuliko zote katika filamu hii zinauhusu uzee. Tuko 1957, shujaa ana miaka 58, maafisa wa serikali wanamshuku kuwa msaliti, chuo kimemlazimisha kwenda likizo, na mkuu wake wa kitivo amejiuzulu kwa ajili yake. Wawili hao wanazungumza nyumbani, picha za baba yake Indy na rafiki yake Marcus Brody zikiwa mezani. Wote wawili wamekufa. Mazungumzo ni mafupi, ya watu waliofika umri ambapo maisha yamekoma kutoa na yameanza kunyang'anya. Mtu wa rika langu huyasikiliza kwa makini. Filamu ingalikaa hapo kidogo tu ingalikuwa filamu nyingine kabisa, lakini haikai. Inakimbia.

Kuhusu viumbe, jamani, katika ile ya kwanza ya 1981 Sanduku la Agano lilipofunguliwa liliyeyusha nyuso za wanajeshi wa Hitler kama mshumaa, na hakuna aliyelalamika. Mwanafunzi yeyote wa fasihi anajua kwamba usadikifu hautegemei kama kitu kipo duniani. Unategemea kama hadithi inatii sheria ilizojiwekea yenyewe. Sheria ya Indiana Jones ilikuwa moja: kila kitu kina gharama yake.

Hebu tuikumbuke ile sehemu ya lori katika filamu ya kwanza. Indy anapigwa risasi ya mkono. Adui anamtwanga ngumi palepale penye jeraha. Anarushwa nje kupitia kioo cha mbele, anapita chini ya lori, anaburutwa kwa mjeledi wake mwenyewe. Usiku ule melini, Marion anajaribu kumganga, na hakuna mahali anapoweza kumgusa bila yeye kuguna. Mwishowe anamwonyesha sehemu chache zisizouma, kiwiko, paji la uso, kisha usingizi unamchukua katikati ya busu. Shujaa gani mwingine wa sinema analala wakati huo? Tulicheka na tukampenda, kwa sababu tulikuwa tumeuona mwili wake ukilipa. Hata ucheshi maarufu wa yule mpiga panga anayepigwa risasi moja tu ulitokana na mwili. Walikuwa wakipiga picha Tunisia, Ford akaumwa tumbo vibaya, hakuweza kupigana pambano refu lililokuwa limepangwa.

Sasa tazama ya nne. Indy anajikuta katika mji wa maonyesho jangwani Nevada, dakika chache kabla ya jaribio la bomu la nyuklia. Anajifungia ndani ya friji yenye risasi kutani. Bomu linalipuka, mji unageuka majivu, friji inarushwa angani na kubingiria jangwani kwa umbali mkubwa. Mlango unafunguka, Indy anatoka, anasimama na kulitazama wingu la moto. Picha ile ni nzuri mno, sikatai. Ila baada ya hapo anasuguliwa kwa brashi na maafisa, basi, yamekwisha. Tangu dakika ile taharuki imekufa, na filamu haijafika hata nusu. Mtu aliyenusurika bomu la nyuklia, nimhofie nini akikimbizwa msituni? Ndiyo maana watu watano wanapoporomoka maporomoko matatu ya maji mfululizo wakiwa garini, sisi tunatafuna bisi zetu kwa utulivu. Mutt, kijana wao, anabembea kwenye mizabibu ya msituni pamoja na nyani walioundwa kwa kompyuta. Sitasema mengi kuhusu nyani wale.

Lakini jambo linalonikera zaidi kama mtu wa lugha ni kwamba hata maarifa ya shujaa yamekuwa ya bure. Katika Last Crusade, ili akifikie kikombe cha Karamu ya Mwisho, Indy lazima akanyage mawe yenye herufi za jina la Mungu. Anakanyaga J. Sakafu inabomoka, nusura atumbukie shimoni, kwa kuwa amesahau kwamba kwa Kilatini jina hilo huanza na I. Herufi moja tu, na mtu angekufa! Sijaona somo la tahajia lenye uzito zaidi ya hilo katika sinema. Katika ya nne, Indy yuko Peru, anazungumza Kikechua bila shida, na akiulizwa alikojifunza anajibu kwamba ni kwa baadhi ya watu wa Pancho Villa. Villa alikuwa mwanamapinduzi wa kaskazini mwa Mexico. Kikechua ni lugha ya milima ya Andes. Ni kama mtu akwambie alijifunza Kizulu kwa wavuvi wa Lamu.

Najua ni utani, na unaudokeza mfululizo wa televisheni wa Indy mdogo, uleule uliomleta Afrika Mashariki ya 1909 enzi za safari ya uwindaji ya Theodore Roosevelt, akafanya urafiki na mvulana wa Kimaasai. Utani sawa. Ila tayari filamu hii inawachanganya Wamaya na Wainka kana kwamba Amerika yote ya Kilatini ni kijiji kimoja.

Halafu inatwambia kwamba wageni kutoka nje ya dunia ndio waliowafundisha watu wale kilimo na umwagiliaji. Hapo sicheki tena. Sisi wa bara hili tunaijua hadithi hiyo. Walowezi wa Rhodesia walishikilia kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Wafoinike au na Malkia wa Sheba, mtu yeyote ila Mwafrika, hata baada ya David Randall-MacIver mwaka wa 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka wa 1929 kuchimba na kuonyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Miji ya Waswahili nayo ilidaiwa kwa muda mrefu kuwa makoloni ya Waarabu na Waajemi, hadi uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ulipoonyesha mizizi yake ya hapahapa. Zile filamu za kwanza hazikuwa malaika, bila shaka. Serikali ya India ilikataa Temple of Doom (1984) ipigwe picha nchini mwake, ikabidi waende Sri Lanka. Lakini kuwanyang'anya watu hata jasho la kulima mashamba yao ni hatua nyingine.

Sehemu ya tano, Dial of Destiny ya 2023, chini ya mwelekezi James Mangold, ilijaribu kurudisha gharama: mwana amefia vitani Vietnam, ndoa imevunjika, mzee anaishi peke yake. Inastahili sifa kwa hilo, ijapokuwa inaanza kwa kumpaka Ford ujana wa kompyuta kwa muda mrefu kupita kiasi.

Na kumbe kisa kizuri kilikuwepo. Mafuvu ya kioo yapo kweli. Moja lilinunuliwa na British Museum mwaka wa 1897 kutoka kwa Tiffany, na kwa miaka mingi lilidhaniwa kuwa kazi ya Waazteki. Wanasayansi walipolichunguza kwa hadubini waligundua lilichongwa kwa gurudumu la sonara, chombo ambacho Waazteki hawakuwa nacho. Lilikuwa ghushi la karne ya 19, na lilikuwa limepitia mikononi mwa Eugène Boban, mfanyabiashara Mfaransa wa vitu vya kale. Hebu fikiria profesa wa miaka 58, anayeshukiwa na serikali yake, ameletewa fuvu ambalo makavazi yote yanaliamini, naye peke yake ndiye anayeiona ile mikwaruzo.