"Land", "Nchi" na "Ardhi": Tatizo la Tafsiri na Mfano wa Taveta

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayodhaniwa kuwa mepesi kutafsiri ni "land". Mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba maana yake ni "ardhi", na baadaye hukuta kwamba "nchi", "shamba" na "bara" nayo hutajwa kuwa visawe vyake, kana kwamba kila kimoja chaweza kushika nafasi ya mwenzake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba tofauti baina ya "nchi" na "ardhi" si jambo la wanaisimu peke yao. Katika Taveta tofauti hiyo hugusa swali la nani ni mwenyeji na nani ni mvamizi.

"Nchi" ni neno la Kibantu. "Ardhi" limetoka katika Kiarabu. Hata hivyo, asili haitoshi kueleza matumizi. Wakristo husema "mbingu na nchi" pale ambapo Waislamu husema "mbingu na ardhi", na maana ni ile ile. Nje ya ibada, maneno haya huachana. Anayeuza ardhi anafanya biashara. Anayeuza nchi ni msaliti. Iko hati ya ardhi, hapana hati ya nchi. Yuko mwananchi, hapana "mwanaardhi". Ardhi hupimwa, hugawanywa na kuwekwa rehani. Nchi hukaliwa, hutetewa na kurithishwa. Aidha, usemi "nchi kavu" ni ushahidi mzuri: lau nchi ingekuwa udongo mkavu tu, sifa hiyo isingehitajika.

Kiingereza huyakusanya haya yote katika "land", na muktadha huamua. Msemaji wa Kiingereza hatatiziki. Taabu humpata yule anayesemewa kwa Kiingereza.

Taveta iko chini ya Kilimanjaro, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Wataveta walikaa katika msitu wa mto Lumi, na katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilipumzika hapo kwa sababu ya maji, kivuli na chakula. Mzee anayetaja "nchi ya Wataveta" hutaja kwa pamoja msitu, mto, migomba, makaburi na njia za mifugo kuelekea ziwa Jipe. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915 iliziweka ardhi zilizokaliwa na Waafrika mikononi mwa Taji la Uingereza, kisha mahakama ikawahesabu wakazi wake kuwa wapangaji wa Taji. Baadaye mashamba ya mkonge ya mlowezi Ewart Grogan yalienea katika eneo hilo. Ardhi ilipata mwenyewe mpya. Nchi, katika vinywa vya wenyeji, haikumpata.

Hapo ndipo neno "skwota" lilipopata kazi. Skwota ni mtu aliye katika nchi yake juu ya ardhi ya mwingine. Kiingereza hakiwezi kuieleza hali hii kwa kutumia "land" mara mbili bila kuonekana kujipinga. Neno "shamba", kwa upande wake, lina kasoro iliyo kinyume: Kiswahili huita shamba maelfu ya ekari za mkonge, na huita shamba pia kipande cha mjane chenye migomba kumi, hali Kiingereza kina majina mbalimbali.

Tuseme shahidi anatamka mbele ya baraza, "Nchi hii ni yetu." Mkalimani akitumia "land", msikilizaji huelewa dai la umiliki na huuliza hati. Hati haipo, na dai huanguka. Shahidi amejibiwa swali ambalo hakuliuliza.

Yaweza kupingwa kwamba leo "nchi" imekwisha kuwa dola, na kwa hiyo mtafsiri wa sheria hana budi kutumia "ardhi". Hoja hii ina nguvu. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 260, inaieleza "land" kuwa ni pamoja na miamba iliyo chini, maji yaliyo juu na chini ya uso wa dunia, maliasili na hata anga. Sikio la Kiswahili halisikii maji wala anga katika "ardhi". Maana hiyo pana inakaribiana zaidi na "nchi" ya yule mzee. Sheria imelirudia wazo la kale kwa neno lisilolichukua.

Hapana haja ya kulifuta neno "ardhi" katika sheria. Linalotakiwa ni kwamba kumbukumbu za mabaraza zihifadhi neno lenyewe alilolitamka shahidi kando ya tafsiri yake, na kamusi ziache kuviorodhesha visawe bila mifano ya matumizi. Mwananchi asiye na ardhi hapaswi kupotezewa nchi pia kwa kalamu ya mkalimani.