Maoni ya Msomaji na Ushahidi wa Kitabu: Fikra juu ya Riwaya ya Uchunguzi wa Maiti

Msomaji anapoifunga riwaya ya upelelezi, maoni yake huwa tayari. Atasema kitabu kimemkesha, au kimemchosha. Atasema muuaji alimtambua mapema, au alidanganywa hadi ukurasa wa mwisho. Maoni ya namna hii huzungumzwa sana mabwenini na majumbani, lakini mara chache hupewa nafasi darasani. Walimu wengi huziona riwaya hizo kuwa ni za kupitishia wakati tu, na kwa hiyo huyaona maoni ya wanaozisoma kuwa hayana uzito. Sisi hatukubaliani na msimamo huo. Riwaya ya upelelezi ni kazi ya fasihi inayohusu haki: nani ametenda, nani ashukiwe, na mtu ahukumiwe kwa ushahidi gani. Msomaji anayetoa maoni juu ya mambo hayo anajifunza uraia, ajue asijue.

Katika makala haya tumeteua riwaya moja ya kigeni, tuyapime maoni ambayo wasomaji wake hawaachi kuyarudia. Riwaya yenyewe ni Postmortem, iliyoandikwa na Patricia Cornwell wa Marekani na kutolewa mwaka 1990. Tumeiteua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa vitabu vilivyoieneza duniani aina ya riwaya ambayo mpelelezi wake mkuu ni daktari wa kuchunguza maiti. Pili, vitabu vya aina hii vinasomwa na vijana wetu, nao huvisoma bila mwongozo wowote. Hatuna budi kuutaja mwisho wa kisa, maana mhakiki hawezi kuupima mtego bila kuonyesha jinsi unavyofyatuka.

Mandhari ya riwaya ni mji wa Richmond, katika jimbo la Virginia. Wanawake wanauawa kwa kunyongwa, kila mmoja ndani ya chumba chake cha kulala, usiku wa kuamkia Jumamosi. Msimulizi ni Daktari Kay Scarpetta, mkuu wa ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jimbo. Riwaya inaanza pale anapoitwa usiku kwenye nyumba ya mwathiriwa mpya, Lori Petersen, ambaye naye alikuwa daktari kijana. Mshirika wake katika upelelezi ni Pete Marino, askari mkali wa maneno na mwepesi wa kushuku. Mwandishi aliijua kazi anayoieleza: kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya alikuwa ripota wa gazeti, kisha akafanya kazi kwa miaka kadhaa katika ofisi ya uchunguzi wa vifo huko huko Richmond.

Maoni ya kwanza ya wasomaji yanahusu elimu hiyo. Wako wanaoisifu riwaya kwa kuwa inawaingiza mahali ambapo raia wa kawaida haingii, wakaona jinsi mwili wa marehemu unavyosomwa kama waraka. Wako na wanaolalamika kwamba maelezo ya maabara ni mengi mno na yanaichelewesha hadithi. Pande zote mbili zina lao, lakini zote zinasimama kabla ya kufika kwenye swali lenyewe. Swali si kama elimu ni nyingi au ni chache. Swali ni kama elimu hiyo inafanya kazi ndani ya hadithi.

Tuchukue mifano miwili. Miili ya wanawake hao inapomulikwa kwa mwanga wa leza, huonekana chembe zinazometameta ambazo jicho tupu haliwezi kuziona. Baadaye inajulikana kwamba zinatokana na sabuni ya unga ya kunawia mikono. Mfano wa pili ni harufu. Ndani ya chumba cha mauaji palikuwa na harufu tamutamu, na Scarpetta anaihusisha na ugonjwa wa kurithi unaozuia mwili kuzitumia vizuri baadhi ya sehemu za protini. Sasa tujiulize: nani aliyeitaja harufu hiyo? Ni Matt Petersen, mume wa marehemu, ambaye Marino alikwisha mweka moyoni kuwa ndiye muuaji. Marino hampendi mtu huyu: ni mwigizaji wa jukwaani, ni msomi, na namna yake ya kuomboleza haimridhishi. Kwa hiyo neno lililokuja kuwa msaada mkubwa lilitoka katika kinywa cha mtu aliyeshukiwa bure. Hapo elimu ya kitabibu si pambo. Inatufunza kwamba mpelelezi asiyetaka kumsikiliza mshukiwa anaweza kuuziba mlango ambao ukweli ungepitia.

Maoni ya pili ni lawama, nayo ndiyo inayosikika zaidi: kwamba muuaji ni mgeni kwa msomaji. Muuaji wa Postmortem ni mpokeaji wa simu za dharura. Wanawake hao walipiga simu kuomba msaada, naye akazisikia sauti zao, akawachagua kwa sauti hizo. Lakini mtu huyo hatembei miongoni mwa wahusika tuliowazoea. Tunamjua hasa anapofika mwisho. Wasomaji wanasema huo ni udanganyifu, kwa sababu mwandishi wa upelelezi ana ahadi na msomaji wake: ampe kila alichonacho mpelelezi, ili yeye naye ashindane naye.

Ahadi hiyo tunaijua sisi tuliosoma riwaya za Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, alitufungulia njia hiyo. Bwana Msa, mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, wanachunguza mauaji ya Bwana Ali, ambaye maiti yake ilikutwa penye mzimu. Fumbo lao limefungwa ndani ya mahusiano ya watu ambao msomaji amekwisha kutana nao. Msomaji aliyelelewa na Bwana Msa ana haki ya kumdai Cornwell ahadi ile ile.

Kwa upande wa fani, basi, lawama ni ya haki. Kwa upande wa maudhui, hata hivyo, tunaomba ifikiriwe tena. Katika mji mkubwa mtu anaweza kuuawa na asiyemjua wala kumdhuru. Kibaya zaidi ni kwamba aliyewaua wanawake hawa ni yule aliyewekwa na umma kuisikia sauti ya mwenye shida. Msomaji aliyempekua mume, jirani na mwandishi wa gazeti alikuwa akitafuta sura yenye kutiliwa shaka, kama alivyofanya Marino. Tunapolalamika kwamba tumenyimwa mshukiwa wa kweli, tukumbuke pia jinsi tulivyokuwa wepesi kumkubali wa uongo.

Maoni ya tatu hayasemwi kwa sauti kubwa, nayo kwa rai yetu ndiyo mazito kuliko yote. Ni furaha anayoipata msomaji katika mwisho wa kisa. Scarpetta anashirikiana na mwandishi wa gazeti kuchapisha habari zilizokusudiwa kumchokoza muuaji. Muuaji anachokozeka, anaingia usiku katika chumba cha Scarpetta akiwa na kisu. Marino, aliyekuwa akiilinda nyumba, anatokea na kumpiga risasi. Wasomaji wengi hupumua. Wanaona haki imetendeka, na kitabu wanakifunga kwa ridhaa.

Hatusemi kwamba mtu asijilinde mbele ya kisu. Tunasema kwamba mwandishi ndiye aliyeupanga mwisho huo, na kwa hiyo mwisho huo unahojiwa. Kwa kurasa nyingi tumefunzwa kuheshimu chembe ya sabuni, uzi wa nguo na alama iliyobaki katika ngozi. Tumeambiwa kwamba maiti haina sauti ila ile inayopewa na ushahidi. Halafu ushahidi wote huo haukufika mahakamani. Hakuna hakimu aliyeusikiliza, hakuna wakili aliyeupinga, hakuna jamaa wa marehemu aliyepata kuisikia hukumu. Riwaya iliyoanza kwa kuitukuza elimu imemalizika kwa bunduki. Hii ndiyo kasoro ambayo wasomaji wangepaswa kuilalamikia zaidi ya kuja kwa mgeni asiyejulikana.

Kasoro hiyo inaonekana wazi zaidi tukitazama mambo yaliyotokea kweli katika mji huo huo. Mwaka 1987 Richmond ilitikiswa na mauaji ya wanawake walionyongwa majumbani mwao. Mtu aliyeitwa Timothy Spencer alikamatwa, akashtakiwa, na mwaka 1988 akatiwa hatiani. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini Marekani kutiwa hatiani kwa mauaji kwa ushahidi wa vinasaba, njia ya kumtambua mtu iliyogunduliwa mwaka 1984 na Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza. Spencer aliuawa kwa amri ya mahakama mwaka 1994. Lakini jambo tunalotaka lishikwe si adhabu yake. Kabla ya hapo mtu mwingine, David Vasquez, alikwisha kufungwa kwa mauaji kama hayo yaliyotokea mwaka 1984 katika jimbo hilo hilo, baada ya kuhojiwa na polisi hata akatamka maneno yaliyochukuliwa kuwa ni kukiri kosa. Wapelelezi walipoyahusisha mauaji hayo na mtiririko wa vitendo vya Spencer, Vasquez alisamehewa na kuachiliwa mwaka 1989.

Tukio hilo linatupa funzo ambalo mwisho wa riwaya unalificha. Ushahidi una kazi mbili: kumkamata mwenye kosa, na kumwachilia asiye na kosa. Risasi inaweza kuifanya ile ya kwanza. Ya pili haiwezi kamwe.

Hapa ndipo mjadala wa kitabu cha kigeni unapoigusa jamii yetu. Katika baadhi ya sehemu za Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi. Alama iliyotumika kuwatuhumu mara nyingi ilikuwa macho mekundu. Macho hayo yana sababu inayojulikana: ni moshi wa kuni na wa samadi katika jiko lisilo na dirisha, mbele yake mama akaa maisha yake yote akiwapikia wengine. Katika miji nayo kelele moja ya “mwizi!” imetosha kuyaondoa maisha ya kijana ambaye hakuna aliyemuuliza jina. Wanaofanya hivyo nao wana maoni, na maoni yao yana nguvu. Wanachokosa ni ushahidi.

Kwa sababu hiyo tunamhesabu Abdulla kuwa mwalimu wa taifa, hata kama wako wanaosema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Uhusiano huo upo, wala hauna haja ya kufichwa. Lakini Abdulla, aliyepata kuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika kazi ya magazeti, aliiweka maiti penye mzimu kwa makusudi. Alijua kwamba wengi wangekimbilia kutaja mashetani. Bwana Msa hakuwa na leza wala maabara. Alikuwa na macho, masikio na subira, akaonyesha kwamba damu ilimwagwa na mkono wa binadamu. Leo nchi yetu ina Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na tangu mwaka 2009 ina sheria inayosimamia uchunguzi wa vinasaba vya binadamu. Vyombo tunavyo. Lakini vyombo havitoshi iwapo akili ya kuvingoja haijalelewa, na akili hiyo hulelewa na shule pamoja na vitabu.

Tunawaomba walimu, basi, wasiyafukuze maoni ya wanafunzi juu ya riwaya za upelelezi, bali wayafanyie kazi kwa maswali matatu. Mwanafunzi akisema kitabu ni kizuri au kibaya, aulizwe: ni jambo gani ndani ya kitabu lililokufanya useme hivyo, nalo liko ukurasa gani? Pili: ulimshuku nani, na ulimshuku kwa ushahidi au kwa sura yake? Tatu: mwisho wa kisa ulikuridhisha, na kuridhika huko ni kwa sababu ukweli umethibitishwa, au ni kwa sababu tu mtu ameanguka? Swali la kwanza litamfunza uhakiki. La pili litamfunza kujihoji. La tatu litamfunza tofauti iliyopo kati ya haki na kisasi.

Na sisi tunaotoa maoni haya hatuko nje ya kanuni hiyo. Tumesema kwamba Postmortem imeitumia elimu yake vizuri, kwamba lawama juu ya muuaji mgeni ni nusu ya haki, na kwamba mwisho wake umeusaliti mwanzo wake. Msomaji akitaka kutupinga, njia iko wazi: akichukue kitabu, akisome, atuletee ushahidi wake. Tutafurahi kushindwa kwa namna hiyo.