Sinagogi la Nabugoye na Vigezo vya Uzuri wa Nyumba za Ibada: Usomaji kutoka Kakoba

Ikisiri
Makala hii inahakiki namna sinagogi la Nabugoye, karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, linavyosifiwa na wanaolizuru. Inadai kwamba vigezo vya umri, mawe na mapambo havitoshi kueleza uzuri wake, na kwamba upungufu huo unaziathiri pia nyumba za ibada za makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Utangulizi
Anayetoka Kakoba, mjini Mbarara, kwenda Mbale huivuka nchi kutoka magharibi hadi mashariki. Ikiwa picha aliyonayo ya sinagogi la kihistoria ni ile ya jengo la mawe la karne ya 13 mjini Prague, hutarajia matao, nguzo na dari ndefu. Kilimani Nabugoye hukutana na matofali na mabati. Wageni wengi hulitatua pengo hilo kwa kusifu imani ya watu na kulinyamazia jengo. Sifa ya namna hiyo ni ya huruma. Haijafikia kuwa uhakiki.

Jengo na historia yake
Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kueneza utawala wao mashariki mwa Uganda, alitengana nao, na mwaka 1919 akaanzisha jumuiya ya Abayudaya. Alifariki mwaka 1928. Chini ya Idi Amin, aliyetawala kati ya 1971 na 1979, ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na waumini wengi wakaiacha dini hiyo. Waliobaki waliiendeleza kwa siri. Baadaye jumuiya ilihuika, na mwaka 2016 sinagogi jipya na kubwa zaidi, linaloitwa Stern, lilifunguliwa kilimani hapo.

Kwa hiyo, anayetafuta ukale katika kuta za sasa hataupata. Ukale umo katika mpangilio. Sinagogi hudai mambo machache: kabati la Taurati, jukwaa la kusomea, na mwelekeo wa Yerusalemu. Masinagogi ya Ulaya huelekea mashariki. Lakini Yerusalemu iko karibu kaskazini kamili ya Mbale. Kanuni ileile, ikitekelezwa hapa, huzaa ramani nyingine ya jengo. Anayelipima Nabugoye kwa mfano wa Prague huukosa ubunifu huu, kwa kuwa anatafuta nakala mahali palipo na tafsiri.

Kutoka Nabugoye hadi Nakivale
Hoja hii ina uzito wa pekee Mbarara. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo wamejenga humo makanisa na misikiti, mara nyingi kwa miti, udongo, turubai na mabati. Ukuta wa udongo hubomoka na kujengwa upya. Kwa kigezo cha mawe, makazi yenye zaidi ya miaka 60 hayana jengo la kihistoria hata moja. Kwa kigezo cha mpangilio, msikiti uliojengwa upya mara nyingi huku ukielekea kibla ileile, upande wa kaskazini-mashariki, una historia inayosomeka.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Yawezekana kudai kwamba usomaji huu unaupamba umaskini. Nabugoye yenyewe inazuia kosa hilo: jumuiya ilipopata uwezo, ilijenga jengo kubwa na imara. Hakuna anayependa kusali chini ya paa linalovuja ili mgeni avutiwe. Mhakiki hapaswi kuusifu udhaifu wa ukuta. Anapaswa kutambua kinachodumu ukuta unapobadilishwa.

Hitimisho
Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kazi hii: kibla, mihrabu, madhabahu, kiambaza, ua. Kinachokosekana ni mazoea ya kuutumia kwa majengo yasiyo makubwa. Nyumba za ibada za Nakivale zisipoelezwa kwa vipimo, mwelekeo na majina ya sehemu zake, kila ujenzi mpya utafuta ushahidi wa uliotangulia, na wakimbizi wataendelea kuhesabiwa kuwa watu wanaongoja, ilhali wamekuwa wakijenga muda wote huo.