Mkasi na Huzuni



Husemwa sana kwamba mwenye sanaa huitoa huzuni yake moyoni akaimwaga juu ya karatasi, ikaisha. Maneno haya yapendeza masikioni, lakini kazi za Bibi Mary Delany wa Uingereza zasema jengine.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1700. Mumewe, Patrick Delany, alifariki mwaka 1768, baada ya ndoa ya miaka 25. Alipofika umri wa miaka 72, akikaa kwa rafikiye huko Bulstrode, aliona karatasi nyekundu iliyofanana na ua lililokuwa karibu naye. Akashika mkasi. Katika miaka kumi iliyofuata alifanya maua 985, nayo leo yamo katika British Museum, London.

Yatazame, uyatafute machozi. Huyaoni! Karatasi imepakwa weusi mtupu, na juu yake vipande vidogo vidogo vimegandishwa kimoja juu ya chenziwe: kijani kilichoiva kwa kivuli, kijani kichanga kwa mwanga. Pengine ametia rangi ya maji kwa brashi. Pengine amebandika jani lenyewe la mti. Ua moja, la jamaa ya pasheni, lina petali zaidi ya 200, na kila moja imekatwa kwa mkono wa kikongwe. (Atakayeona weusi ule kuwa ni vazi la matanga, mimi simo. Upo ili rangi zing'are.)

Mwaka 1779 yeye mwenyewe aliandika kwamba kazi zake za zamani zilikuwa zimekosa ladha, kwa kuwa hayupo tena yule aliyekuwa akizisifu. Hapo pana jambo, msomaji. Furaha yake ya kwanza ilitegemea sifa za mtu, na mtu kaondoka. Hii ya pili ilimtegemea nani? Ua lililo mezani, linalonyauka, lisilomsifu wala kumngoja amalize kulia. Ilimbidi aliangalie lenyewe, si nafsi yake. Ahesabu, apime, akate tena alipokosea. Huzuni haikumtoka, bali ilikaa naye kitako na ikafunzwa kutulia.

Mwaka 1782 macho yalimpungua nuru, akaacha. Aliyatungia maua yake shairi la kuyaaga, akaishi miaka sita mingine.