Mkaa wa Mifupa wa Nakuru na Magunzi ya Songea
Bayochari ni mkaa unaopatikana kwa kuunguza mabaki ya mimea au mifupa katika tanuri lenye hewa haba, ili yasiishie kuwa majivu bali yabaki na vitundu vidogo mno vinavyonasa uchafu. Kwa kawaida uso wake huwa na chaji hasi, hivyo hushika vizuri metali zenye chaji chanya, kama risasi na kadimi, lakini floraidi na fosfeti, ambazo nazo zina chaji hasi, huupita. Dhana kwamba mkaa wowote husafisha maji yoyote ni ya hatari, kwa kuwa humpa mnywaji imani isiyo na msingi.

Jimbo Katoliki la Nakuru, nchini Kenya, lilikabili tatizo la floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuiondoa katika maji ya Bonde la Ufa, njia iliyofanyiwa utafiti pia katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Mfupa una haidroksiapataiti, yaani madini ya kalsiamu na fosfeti, ambayo huachia haidroksili na kuipokea floraidi mahali pake. Joto la tanuri, ambalo ni takriban nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, ndilo linaloamua ubora: likipungua, mabaki ya nyama na mafuta huyatia maji harufu, na likizidi mno, uwezo wa kunasa hushuka. Hata hivyo mkaa huo huchoka, na hapo ndipo Nakuru ilipofanya jambo la kusifiwa, kwa kuuchanganya na vidonge vya kalsiamu na fosfeti vinavyoyeyuka polepole na kuigandisha floraidi ndani ya kichujio, hivyo kukiongezea umri.

Songea, nchini Tanzania, penye magunzi tele baada ya mahindi kupukuchuliwa, haiwezi kuiga njia hiyo vivi hivi, kwa sababu gunzi halina madini ya mfupa. Hata hivyo, likiloweshwa katika chumvi ya chuma au ya magnesiamu kabla ya kuunguzwa, metali hiyo hubaki juu ya mkaa na kushika fosfeti inayotiririka kutoka mashamba yenye mbolea. Kwa hiyo kipimo cha maji hutangulia tanuri, na aina ya uchafu ndiyo inayoamua hatima ya mkaa uliokwisha kutumika: ulioshika fosfeti pekee waweza kurudishwa shambani ukarutubisha udongo, ilhali ulioshika risasi au kadimi hauna budi kutengwa mbali na mazao na visima.